Ufanisi wa asilimia 843: tunapimaje nitrojeni inayopita kwenye chakula chetu?

#1 · Mzani_wa_Shamba

Wadau, salaam. Naomba tujadili hesabu moja ambayo kila nikiirudia inazidi kunitatiza. Mwaka 2009 Peter Vitousek na wenzake walichapisha katika jarida la Science ulinganisho wa mashamba ya nafaka ya sehemu tatu za dunia. Magharibi mwa Kenya mkulima alikuwa akiingiza wastani wa kilo 7 za nitrojeni kwa hekta kwa mwaka na kuondoa kilo 59, kati yake 23 zikiwa ndani ya punje na 36 ndani ya mabua na mazao mengine yaliyobebwa kutoka shambani. Kaskazini mwa China waliingiza kilo 588 wakaondoa 361. Katikati mwa Marekani ziliingia kilo 155, yaani 93 za mbolea na 62 zilizonaswa na soya kutoka hewani, zikatoka 145.

Kanuni inayotumiwa sana kupima ufanisi ni nyepesi: nitrojeni iliyotoka na mavuno inagawanywa kwa nitrojeni iliyoingia. Ukigawanya hivyo, Wachina wanapata asilimia 61, Wamarekani 94, na magharibi mwa Kenya 843. Je, kipimo kinachompa alama za juu kuliko wote mkulima mwenye mavuno duni kuliko wote kinapima nini hasa? Na kama lengo ni kupima mfumo mzima wa chakula, kuanzia mfuko wa mbolea hadi sahani na choo, tuanzie kuhesabu wapi na tuishie wapi?

#2 · Nyamira_Juu

Kumbe sisi wa magharibi ni mabingwa wa dunia na hakuna aliyetuletea kombe.

Tukiacha utani, hiyo 843 haisemi kwamba mkulima ni hodari. Shamba lililotoa kilo 59 na kupewa 7 limezitoa hizo 52 kwenye mboji ya udongo iliyojikusanya tangu enzi za mababu, na mwenye shamba anakula mtaji bila kujua. Kwa maoni yangu tuachane na kugawanya, tutoe tu: magharibi mwa Kenya ni hasi 52, China ni chanya 227, Marekani ni chanya 10. Hapo kila mmoja anaonekana alivyo, na hakuna asilimia ya kumdanganya waziri.

#3 · Karani_wa_Takwimu

Nakubaliana na #2 kwa nusu tu. Shamba linaloingiza kilo 10 na kutoa 10 lina mizania (yaani kilichoingia ukitoa kilichotoka) ya sifuri, na shamba linaloingiza 150 na kutoa 150 lina mizania hiyo hiyo, ingawa la kwanza limevuna takriban magunia saba ya mahindi kwa hekta na la pili zaidi ya mia. Mizania iliyosimama peke yake haitofautishi umaskini na ustadi.

Ndiyo maana mwaka 2015 jopo la wataalamu wa nitrojeni la Ulaya lilipendekeza namba tatu zisomwe kwa pamoja. Ufanisi uwe kati ya asilimia 50 na 90, nitrojeni inayotoka na mavuno isipungue kilo 80 kwa hekta kwa mwaka, na ziada inayobaki isizidi kilo 80. Ukiwa chini ya 50 unapoteza, ukiwa juu ya 90 kuna hatari kwamba unauchimba udongo. Sasa chukueni mashamba matatu ya mleta mada myapitishe humo. Kenya inaanguka kwenye ufanisi na kwenye mavuno pia, kwa sababu 59 ni pungufu ya 80. China inafaulu ufanisi na mavuno, lakini ziada ya 227 inaiangusha. Marekani inafaulu mavuno na ziada, kisha inateleza kidogo kwenye ufanisi kwa kuvuka 90. Hakuna hata shamba moja linalotoka salama, na mimi naona hiyo ni sifa njema kwa kipimo.

#4 · Mbozi_Kijani

Mimi ni mkulima, nimependa kujaribu kanuni hii shambani kwangu. Kwa ekari moja naweka mfuko mmoja wa DAP wa kupandia na mfuko mmoja wa urea wa kukuzia, kila mmoja wa kilo 50. DAP ina nitrojeni asilimia 18, hiyo ni kilo 9. Urea ina asilimia 46, hiyo ni kilo 23. Jumla kilo 32. Msimu ukiwa wa kawaida navuna magunia 18 ya kilo 100. Nimesoma kwamba punje ya mahindi ina nitrojeni kama asilimia 1.5, kwa hiyo magunia yangu yanabeba kilo 27. Ufanisi wangu ni asilimia 84, na kwa hiyo sheria ya Ulaya mimi nimefaulu.

Tatizo ni mabua. Jirani mwenye ng'ombe huja kuyabeba yote baada ya mavuno. Uzito wake haupishani sana na wa punje, na kama nitrojeni yake ni asilimia 0.6, zinatoka kilo nyingine 11. Hapo inakuwa 38 kwa 32, yaani asilimia 119, nami nageuka kuwa mchimba udongo. Shamba ni lile lile na msimu ni ule ule. Nisimame upande gani?

#5 · Maabara_Moro

Mkuu #4, kabla ya mabua turekebishe punje. Hiyo asilimia 1.5 ni ya mahindi makavu kabisa, yaliyotolewa maji yote kwenye oveni. Mahindi ya kwenye gunia, hata yaliyoanikwa vizuri, yana unyevu wa asilimia 13 hivi. Kilo 1,800 zako zina takriban kilo 1,566 za mali kavu, na nitrojeni yake ni kilo 23.5. Ufanisi wako ni asilimia 73.

Pia hiyo 1.5 si amri. Mahindi yaliyokosa nitrojeni shambani hutoa punje zenye protini kidogo, na nitrojeni inaweza kushuka hadi kama 1.2. Maana yake ni kwamba wanaotumia kiwango kimoja cha vitabuni kwa mashamba yote wanampa mkulima wa udongo uliochoka nitrojeni ambayo hakuivuna.

#6 · Mbozi_Kijani

Ahsante, ingawa ni mara ya kwanza kupoteza asilimia 11 bila hata kushika jembe. Na suala la mabua bado linanisubiri.

#7 · Kamachumu_Kibanja

Suala la mabua ni suala la mpaka, na sisi wa Kagera tunalijua vizuri. Kibanja ni shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, na rweya ni nyika ya majani iliyo nje ya vibanja. Kwa vizazi vingi ng'ombe walichungwa rweya mchana na kulala nyumbani usiku, samadi yao ikaingia chini ya migomba. Majani ya rweya nayo yalikatwa, yakatandikwa sakafuni mwa nyumba, na yalipochakaa yakatupwa kibanjani. Ukipima kibanja peke yake unakuta mahali pa ajabu ambapo watu wamevuna ndizi miaka mingi na udongo bado ni mweusi. Ukipima kibanja pamoja na rweya, unaona kwamba utajiri wa mahali pamoja umelipiwa na ufukara wa mahali pengine.

Utafiti uliofanyika wilayani Bukoba na kuchapishwa mwaka 1998 ulitenganisha kaya zenye ng'ombe na zisizo na ng'ombe, na tofauti ilikuwa kubwa: vibanja vya wenye mifugo vilisimama vizuri, vya wasio nayo vilikuwa vikipungukiwa. Kwa hiyo mzee wa Mbozi, mabua yako hayajapotea. Yamehama kutoka kwenye daftari lako kwenda kwenye daftari la jirani, na ukipima kijiji kizima yamo ndani.

#8 · Nyamira_Juu

Nyongeza ndogo kwa #7. Mwaka 2018 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Narok ulioonyesha kwamba maboma ya wafugaji wa kale, mengine ya miaka karibu 3,000 iliyopita, bado yana udongo wenye rutuba kuliko nyika inayoyazunguka. Yaani nitrojeni na fosforasi zilizohamishwa na ng'ombe zilikaa pale pale tangu kabla hatujaanza kubishana. Sasa mpimaji ataweka mpaka wa miaka mingapi?

#9 · Mtaa_wa_Wageningen

Salaam kutoka Uholanzi, ninakosoma. Kwanza sahihisho kwa #4: ile 50 hadi 90 si sheria ya Ulaya, ni pendekezo la jopo la wataalamu, na wenyewe walisema mipaka irekebishwe kufuatana na udongo, zao na hali ya hewa.

Pili, hapa Uholanzi waliwahi kuifanya mizania kuwa sheria. Kuanzia mwaka 1998 wafugaji walitakiwa kuandika nitrojeni na fosforasi zote zinazoingia na kutoka kwenye lango la shamba, na aliyezidisha ziada alilipa tozo. Mwaka 2003 mahakama ya Ulaya ikaamua kwamba utaratibu huo haukidhi agizo la Ulaya kuhusu nitrati (nitrojeni inayoyeyuka na kuingia kwenye maji), na mwaka 2006 ukaachwa. Mgogoro haukuisha. Mei 2019 baraza la juu la utawala lilibatilisha mpango wa vibali vya nitrojeni, miradi mingi ya ujenzi na ufugaji ikakwama, na Oktoba mwaka huo wakulima wakaingia The Hague na matrekta.

Ninalotaka kusisitiza ni hili: daftari la lango la shamba linaanza kuhesabu pale lori la chakula cha mifugo linapoingia. Soya iliyolimwa Brazili inaingia kama kilo kadhaa za nitrojeni, bila kile kilichopotea ilikolimwa. Nitrojeni inayobaki kinyesini inageuka kuwa tatizo la Uholanzi, na upungufu unaoachwa kwenye udongo wa Brazili hauonekani kwenye daftari la mtu yeyote. Ufugaji ulionunua chakula chote nje unaweza kuonekana na ufanisi mzuri kuliko wa mwenzake anayelima malisho yake mwenyewe.

#10 · Mkisii_Mbishi

Mimi nina shaka na hizi hasi za Afrika tangu zilipoanza. Mwaka 1990 Stoorvogel na Smaling walikadiria kwamba Afrika kusini mwa Sahara inapoteza kilo 22 za nitrojeni kwa hekta kwa mwaka. Mwaka 1993 ikaja ya kwetu Kisii: hasi 112. Tufanye hesabu ya darasa la saba. Hekta moja kwa kina cha sentimita 20 ina udongo wa tani 2,400 hivi. Tukiupa nitrojeni ya asilimia 0.2, tuna kilo 4,800. Toa 112 kila mwaka, na katika miaka kama 43 shamba limekwisha. Tangu 1993 imepita zaidi ya miaka 30, kwa hiyo Kisii ingekuwa imebakiwa na robo ya nitrojeni yake. Njooni muone migomba, chai na mahindi yaliyopo, kisha mniambie.

Ninavyoelewa, katika hesabu zile mmomonyoko, nitrojeni inayozama na maji na ile inayoruka hewani havikupimwa shamba kwa shamba. Vilikadiriwa kwa kanuni kutokana na mvua, mteremko na aina ya udongo. Udongo unaoporomoka kutoka kwangu unatua kwa jirani wa chini, lakini kanuni inauhesabu kama umekwenda baharini.

#11 · Maabara_Moro

Hoja ya mmomonyoko ni ya kweli, na watafiti wenyewe wameibishania. Hesabu ya miaka 43 ndiyo inayolegea. Udongo hautoi kiasi kile kile kila mwaka hadi siku ya mwisho. Mboji inapopungua, nitrojeni inayofunguliwa kila msimu nayo hupungua, mavuno yanashuka, na kwa hiyo kinachoondoka kinashuka pia. Hasi 112 ya mwaka mmoja inaweza kuwa hasi 40 baada ya miaka ishirini, si kwa sababu mambo yametengemaa, bali kwa sababu kilichobaki cha kuchukua ni kidogo. Tena nchi za juu zina udongo wenye kina kirefu, na mizizi haisomi kipimo chetu cha sentimita 20.

#12 · Mkisii_Mbishi

Kwa hiyo hasi kubwa ni dalili mbaya, na hasi ndogo nayo inaweza kuwa dalili mbaya zaidi. Kipimo cha namna hii hakishindwi kesi.

#13 · Jiko_na_Choo

Mmejaa shambani wote, na mleta mada aliuliza hadi sahani na choo. Ripoti ya mwaka 2013 iliyoongozwa na Mark Sutton ilipendekeza tupime mnyororo wote: nitrojeni mpya iliyoingia kwenye mfumo ilinganishwe na ile iliyofika kwenye kinywa cha mtu. Hapo ndipo picha inapobadilika.

Chukueni mfano wa kufikirika. Zimeingia kilo 100, kilo 50 zimefika kwenye punje. Dumuzi, panya na uvundo vikila moja ya tano, zinabaki 40. Mahindi yakikobolewa kuwa sembe, kiini na pumba vinaondoka na sehemu ya protini. Yakisagwa dona, inabaki. Hizo 40 zikipewa ng'ombe wa maziwa badala ya mtu, kama robo tu ndiyo inatokea kwenye maziwa, yaani kilo 10. Shamba lile lile la asilimia 50 linaweza kuishia karibu na 40 au 10 kufuatana na anayekula nini. Na kuna mahindi ambayo daftari la shamba linayahesabu kama mavuno safi lakini hayafai kuliwa kabisa. Mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mahindi ya namna ile nitrojeni yake ni kamili kwa mujibu wa mpimaji.

Halafu choo. Mtu mzima anayekula gramu 60 za protini kwa siku anakula karibu gramu 9.6 za nitrojeni, kwa sababu protini hugawanywa kwa 6.25. Kwa mwaka ni kilo 3.5. Kwa kuwa hakui tena, karibu yote inatoka, na sehemu kubwa inatoka kwenye mkojo. Watu wazima sita wanatoa kilo 21, yaani pungufu kidogo ya mfuko mmoja wa urea. Kwetu hiyo inashuka kwenye choo cha shimo, sehemu inageuka nitrati na kuelekea kwenye kisima. Hakuna aliyeandika mstari huo hapo juu.

#14 · Karani_wa_Takwimu

#13 ana hoja, lakini pumba si hasara. Zinakwenda kwa kuku na ng'ombe, nao wanatupa mayai na maziwa. Ukiziandika kama zimepotea, kisha ukayaandika mayai kama yametokea bila malighafi, utakuwa umekosea mara mbili. Mnyororo wa chakula chetu una vitanzi vingi kuliko ule wa Ulaya, na kila kitanzi kinamlazimisha mpimaji aamue kama nitrojeni inayorudi ni mpya au ni ile ile inayozunguka. Ukihesabu samadi kama kitu kipya kilichoingia, ufanisi unashuka. Ukiihesabu kama mzunguko wa ndani, unapanda. Vyote viwili vinafanyika kwenye machapisho, na wasomaji wanalinganisha namba kana kwamba ni za kitu kimoja.

#15 · Dagaa_Mwanza

Naomba kuleta ziwa. Dagaa wanatoka Ziwa Viktoria, sehemu wanaliwa na watu, sehemu kubwa inasagwa kuwa chakula cha kuku, na mavi ya kuku yanaishia kwenye bustani za mchicha. Ile ni nitrojeni iliyoingia kwenye mfumo wa chakula bila mfuko wa mbolea, bila maharage na bila samadi. Inaandikwa safu gani? Ugumu unaongezeka kwa sababu sehemu kubwa ya nitrojeni ya ziwa lenyewe inanaswa kutoka hewani na mwani wa kijani-buluu, ule ule unaoligeuza maji kuwa kama rangi ya ukutani, na mwani huo umeshamiri kwa sababu ya fosforasi inayotoka nchi kavu na ile inayodondoka na vumbi na moshi. Mmomonyoko wa Mkisii_Mbishi pengine haukutua kwa jirani yake. Pengine mimi nimeula leo mchana na ugali.

#16 · Mkisii_Mbishi

Basi nirudishieni wa kukaanga.

#17 · Babati_Mbaazi

Mbona mazao ya jamii ya kunde yanatajwa kwa kupita? Huku tunachanganya mahindi na mbaazi, na kila mzee anajua kwamba mahindi yanayofuata baada ya mbaazi yananawiri. Tukipanda maharage na kunde kila mahali, nitrojeni inaingia bure na ufanisi unatengemaa.

#18 · Maabara_Moro

Taratibu hapo. Mazao ya jamii ya kunde hayafanani. Maharage ya kawaida ni dhaifu katika kunasa nitrojeni, na mara nyingi hujitegemea kwa sehemu tu, mengine yakichukuliwa kutoka kwenye udongo. Soya, kunde na karanga hufanya vizuri zaidi, mradi bakteria wanaofaa wawepo na fosforasi isikosekane. Ng'oa mche, pasua kinundu cha kwenye mzizi, na kama ndani ni chekundu kama nyama kinafanya kazi, kama ni cheupe au kijani hakifanyi. Halafu angalia kinachotoka shambani. Punje ya soya imejaa protini, kwa hiyo inabeba nitrojeni nyingi sana. Ukivuna punje na kung'oa hata mashina, shamba linaweza kubaki na pungufu kuliko lilivyoanza. Mbaazi zina nafuu kwa sababu hukaa shambani muda mrefu na kudondosha majani mengi.

Na kupima ni shida. Mbolea ina namba kwenye mfuko, ila hewa haina. Wanaopima kwa makini hulinganisha nitrojeni nzito na nyepesi ndani ya mmea na zile za mmea jirani usionasa. Wengine wote, wakiwemo wanaotengeneza mizania za nchi nzima, hutumia makadirio ya kila zao.

#19 · Babati_Mbaazi

Nimekusoma. Ila tusisahau kwamba mbaazi zetu hulimwa kwa ajili ya soko la India. Mwaka 2017 India ilipoweka ukomo wa kuagiza, bei ilianguka na wapo walioziacha shambani. Kwa mpimaji mwaka ule nitrojeni ilibaki kwenye udongo, ufanisi ukashuka, na mizania ikawa nzuri kuliko miaka yote. Kwa mwenye mbaazi ulikuwa mwaka wa kilio.

#20 · Mnunuzi_wa_Nafaka

Kwa sasa mbaazi zinakwendaje huko? Nina gari linalorudi tupu kutoka Arusha.

#21 · Mzani_wa_Shamba

Ndugu #20, mambo ya bei yana jukwaa lake. Turudi kwenye mada.

Naomba tuangalie sera. Mwaka 2006 huko Abuja viongozi wa Afrika waliazimia kupandisha matumizi ya mbolea kutoka kilo 8 kwa hekta hadi 50 ifikapo 2015. Mei 2024 jijini Nairobi wakaahidi tena, safari hii kuongeza mara tatu uzalishaji na usambazaji wa mbolea. Katikati hapo, mwaka 2019, azimio la Colombo lilitaka dunia ipunguze kwa nusu nitrojeni inayopotea ifikapo 2030. Tukitekeleza Abuja na Nairobi, ufanisi wetu kwa kanuni ya kugawanya lazima ushuke. Je, kushuka huko kuitwe maendeleo?

#22 · Karani_wa_Takwimu

Sahihisho kwanza: kilo 50 za Abuja ni virutubisho vyote kwa pamoja, nitrojeni, fosforasi na potasiamu.

Na ndiyo, kushuka ni maendeleo hadi mahali fulani. Dunia nzima imepita njia hiyo: kwa hesabu za Lassaletta na wenzake, ufanisi wa mashamba ulikuwa asilimia 68 mwaka 1961, ukafika 47 nusu karne baadaye, huku mavuno yakipanda sana. Nchi kadhaa zilishuka kisha zikapanda tena baada ya kujifunza kuweka mbolea kwa wakati na kiasi. Denmark ni mfano mzuri. Sisi tunatoka juu ya 100, kwa hiyo hatuna njia nyingine ila kushuka kwanza.

#23 · Nyamira_Juu

Siafiki kwamba njia ni moja. Anayetoka 843 kwenda 80 kwa kutumia samadi, mbaazi na mbolea kidogo hajapita alikopita Mchina. Pia kuna mashamba kwetu ambayo hayaitiki: unaweka urea, mahindi yanabaki manjano kwa sababu udongo una asidi au gugu la kiduha limeshika mizizi. Hapo ufanisi unashuka kutoka juu ya 100 hadi 20 bila kupitia mavuno mazuri. Ni kushuka, na si maendeleo. Kwa mkulima naona bora kipimo cha nyongeza: kilo ngapi za mahindi zimeongezeka kwa kila kilo ya nitrojeni, ukilinganisha na kipande ambacho hakikuwekwa kitu. Hicho kinamwambia kama fedha yake imerudi.

#24 · Maabara_Moro

Kinamwambia kama fedha imerudi msimu huu. Hakimwambii lolote kuhusu udongo, kwa sababu kipande kisichowekwa kitu nacho kinavuna kutoka kwenye mboji, na hicho hakipimwi.

#25 · Maskati_Mjini

Nawasalimu kutoka Oman. Urea nyingi inayouzwa kimataifa inatengenezwa kwa gesi asilia ya ukanda huu wa Ghuba, na hapa kwetu kiwanda kimojawapo kiko Sur. Mbona hesabu yenu inaanzia kwenye mfuko? Gesi iliyochomwa kuinasa nitrojeni hiyo haionekani popote.

#26 · Karani_wa_Takwimu

Hiyo ni hesabu ya nishati, na inastahili uzi wake. Tukichanganya kaboni na nitrojeni kwenye kipimo kimoja hatutatoka humu.

#27 · Mtaa_wa_Wageningen

Ingawa zinakutana kwenye oksidi ya nitrasi, gesi inayotokana na nitrojeni ya ziada, ambayo kilo yake moja hupasha dunia joto kama kilo 273 za hewa ya ukaa kwa miaka 100. Ziada inayopotea kama nitrati na ile inayopotea kama gesi hiyo zina uzito mmoja kwenye mizania, na madhara tofauti kabisa.

#28 · Mbozi_Kijani

Nimefuatilia yote. Nimeongea na jirani: amekubali kunilipa kwa samadi badala ya kubeba mabua bure. Kilo 11 za nitrojeni ni karibu nusu ya mfuko wa urea, kwa hiyo nataka anirudishie kiasi hicho hicho. Nipokee matoroli mangapi?

#29 · Kamachumu_Kibanja

Inategemea zizi lake. Kama lina paa na anatandika majani ya kunyonya mkojo, samadi kavu inaweza kuwa na nitrojeni ya asilimia 1 hadi 1.5. Kama imelundikwa juani na kunyeshewa, karibu nusu inaweza kuwa imeshaondoka. Pima toroli moja likiwa limejaa, toa uzito wa toroli, kisha hesabu kwa asilimia 1. Unahitaji kilo 1,100 za samadi kavu, na ikiwa mbichi dai zaidi ya mara mbili.

#30 · Mbozi_Kijani

Zizi halina paa. Nitamwambia aezeke kwanza, ndipo tuandikishane.

#31 · Jiko_na_Choo

Na mkojo wa ng'ombe mtaugawana vipi? Sehemu kubwa ya nitrojeni iko humo, na zizi la jirani yako linateremkia upande wa mtoni.